Kutwa ya miguu mtaani Yanaka, kutoka kituo cha Nippori hadi kengele ya Ueno

Kituo cha treni cha Nippori, jijini Tokyo, kina milango kadhaa ya kutokea, na mlango utakaouchagua ndio utakaoamua siku yako itakuwaje. Ukitokea mashariki utakuta majengo marefu na mtaa mzima wa maduka ya vitambaa. Ukitokea upande wa pili, ukapanda ngazi zilizo ubavuni mwa reli, unafika juu ya kilima penye hekalu la Tennoji, na kelele za treni zinabaki bondeni nyuma yako kama redio iliyowashwa nyumba ya jirani. Nimepita njia hiyo mara mbili, kwanza mwezi wa Novemba, kisha mwishoni mwa Machi miaka miwili baadaye, na mara zote mbili nilihakikisha nimefika kabla ya saa moja asubuhi, kwa kuwa Yanaka huonekana vizuri zaidi wakati wenyeji wanafungua madirisha na wageni bado wamelala.

Yanaka ni mtaa mkongwe wa wilaya ya Taito, unaopakana na mitaa ya Nezu na Sendagi iliyo katika wilaya ya Bunkyo, na watu hupenda kuiita yote mitatu kwa jina moja la mkato, Yanesen. Mwaka 1625 watawala wa ukoo wa Tokugawa walijenga hekalu kubwa la Kan'ei-ji katika kilima cha Ueno, na mahekalu madogo yakaanza kujikusanya kandokando yake. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 kuteketeza sehemu kubwa ya mji, ambao wakati huo uliitwa Edo, mahekalu mengine mengi yalihamishiwa huku pembeni. Hata leo yapo takriban 70 katika eneo ambalo mtu mwenye miguu mizima hulizunguka kwa nusu siku. Tetemeko la Septemba 1923 liliangusha na kuunguza sehemu kubwa ya Tokyo, lakini Yanaka iliponea kwa kiasi kikubwa. Mabomu ya mwaka 1945 nayo yaligusa baadhi ya sehemu zake na kuziacha nyingine nyingi zikiwa nzima. Ndiyo maana hapa unakuta nyumba za mbao, vichochoro na kuta za udongo, vitu ambavyo sehemu kubwa ya jiji hili ilivipoteza mara mbili ndani ya kipindi cha miaka isiyofika 25.

Nilianza na Tennoji. Uani mwake ameketi Buddha wa shaba aliyesubuliwa mwaka 1690, mkubwa, wa rangi ya kijani kilichopauka, akitazama mbele bila paa lolote juu ya kichwa chake. Hekalu hili zamani liliitwa Kannoji na lilibadili jina mwaka 1833. Naomba msomaji alishike jina hilo la kwanza, kwa maana nitalirudia. Katika enzi za Edo lilikuwa mojawapo ya mahekalu matatu mashuhuri kwa bahati nasibu, na ni vigumu kuwaza umati uliokuwa ukijazana hapa kusubiri namba, mahali ambapo asubuhi ile nilisikia tu kunguru na maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba la mianzi.

Mwaka 1874 serikali ilichukua sehemu ya ardhi ya hekalu na kuifanya makaburi ya umma, na barabara iliyokuwa njia ya kuingilia hekaluni ikawa ndiyo barabara ya katikati ya makaburi. Imepandwa sakura, yaani micheri ya maua, pande zote mbili, na mwishoni mwa Machi matawi yake hukutana juu yakafanya paa jeupe lenye wekundu wa mbali. Nilipita chini yake pamoja na wanafunzi wawili wa shule waliokuwa wakisukuma baiskeli, na mzee mmoja aliyekuwa na ndoo, kata ya mbao na kitambaa, akienda kuosha kaburi la watu wake. Kwetu mtu anayepita makaburini asubuhi na mapema huharakisha hatua. Hapa makaburi ni njia ya kwenda kazini na shuleni, na wafu wanaachwa wawe majirani kama majirani wengine.

Miongoni mwa makaburi yapatayo 7,000 lipo la Tokugawa Yoshinobu, shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, wa 15 na wa mwisho, aliyerudisha madaraka kwa mfalme mwaka 1867, akaishi muda mrefu kama raia wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1913. Kaburi lake ni kichuguu cha mviringo kilichofunikwa kwa mawe, nyuma ya uzio. Si mbali na hapo amezikwa Shibusawa Eiichi, aliyeanza akiwa mtumishi wake, akaja kuwa mwanzilishi wa makampuni yanayokadiriwa kufika 500, na ambaye tangu Julai 2024 sura yake ipo kwenye noti ya yen 10,000. Nilikuwa na noti hiyo mfukoni. Niliitoa, nikaitazama pale pale, nikairudisha kwa heshima.

Katikati ya barabara ya sakura kuna uwanja mdogo wenye uzio wa chini, na ndani yake mawe mapana yamepangwa kwa mistari ardhini. Hayo ndiyo yaliyobaki ya mnara wa ghorofa tano uliojengwa upya mwaka 1791, wenye urefu wa mita 34, uliostahimili tetemeko la 1923 na vita vya 1945, kisha ukaungua usiku mmoja wa Julai 1957 kwa moto uliowashwa na watu wawili waliokusudia kufa pamoja humo. Mawe yamelika kidogo pembezoni. Nilihesabu na kuhesabu tena nafasi kati ya jiwe na jiwe, nikijaribu kuusimamisha mnara ule kichwani, hadi nikaelewa kwamba wenyeji wenye umri wa kutosha hawahitaji hesabu hiyo, kwani wao bado wanauona.

Nilipotoka makaburini na kuingia vichochoroni ilikuwa imetimia saa moja na nusu. Mbele ya nyumba moja ya mbao nyeusi, bibi mmoja aliyekaribia miaka 80 alikuwa akifagia kwa ufagio wa mianzi. Nilisimama mbali kidogo nisimkatize. Alifagia mbele ya mlango wake, akaendelea hatua tatu au nne mbele ya mlango wa jirani wa kulia, akarudi, akafanya vivyo hivyo kwa jirani wa kushoto, akiishia kidogo ndani ya mpaka wao bila kuumaliza, maana kumaliza kungekuwa kama kuwaambia kwamba hawafagii. Kisha alichota maji kwenye ndoo kwa kata na kuyarusha chini kwa mkupuo mmoja mpana, vumbi likalala, na mawe ya njia yakabadilika rangi. Nilimsalimia kwa Kijapani changu kichache, naye akainama, akaniuliza nimetoka nchi gani. Nilipomwambia Tanzania alifikiri kidogo, akasema "Kirimanjaro", kisha akanionyesha chungu kimoja cha maua kati ya vyungu kama ishirini vilivyopangwa ukutani, akanieleza jambo ambalo sikulielewa lote, ila nilielewa kwamba lile ua ni la mumewe na mumewe hayupo tena.

Vyungu hivyo viko kila mahali Yanaka. Nyumba zimebanana na hakuna mwenye bustani, kwa hiyo bustani imehamia nje, kwenye vyungu vya udongo, ndoo za plastiki, masanduku ya samaki na beseni kuukuu, ukingoni mwa njia yenye upana wa mtu na mwavuli wake. Vingine vina samaki wadogo wekundu wanaozunguka chini ya majani ya yungiyungi. Hakuna anayeviiba wala kuvipiga teke. Kati yake utaona pia masanduku mekundu yenye vizimamoto, kwa sababu mtaa wa mbao haulali bila kuwaza moto, na gari kubwa la zimamoto haliwezi kupenya njia hizi.

Nilitembea hadi ubavuni mwa hekalu la Kannon-ji, ambalo si lile Kannoji la zamani, ambako kuna ukuta ninaoupenda kuliko jengo lolote la mtaa huu. Ni ukuta wa enzi za Edo, si mrefu, umejengwa kwa safu ya udongo kisha safu ya vigae, udongo, vigae, hadi juu, na kileleni umevikwa paa dogo la vigae kama kofia. Ukiusogelea karibu unaona kwamba hakuna safu iliyonyooka sawasawa. Kigae kimoja kimechomoza, kingine kimezama, na ndani ya udongo mmebaki vipande vya majani makavu na changarawe, hata mahali pamoja alama inayofanana na kidole cha aliyeusindilia. Jua la asubuhi linapoupiga kutoka pembeni kila kigae kinatupa kivuli chake, ukuta mzima ukawa kama ukili uliosukwa. Mtoto wa pwani akiutazama anakumbuka kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo nazo hudumu kwa kuguswaguswa na mafundi, kwa maana ukuta wa udongo au wa chokaa usiposhughulikiwa miaka michache huanza kurudi ardhini ulikotoka.

Saa tatu na nusu ndipo jumba la makumbusho la Asakura hufungua milango, na nashauri mgeni yeyote alipangie nafasi katika safari yake, akikumbuka kwamba hufungwa Jumatatu na Alhamisi. Asakura Fumio alikuwa mchonga sanamu aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki 1964, na nyumba hii, ambayo umbo lake la sasa lilikamilika mwaka 1935, ilikuwa makazi yake, karakana yake na shule yake kwa pamoja. Unavua viatu mlangoni na kuvibeba kwenye mfuko. Nusu ya nyumba ni ya saruji, yenye dari iliyopaa juu sana ili sanamu kubwa zipate kusimama, na sakafuni kuna jukwaa la umeme lililoweza kuishusha sanamu chini ya sakafu, ili fundi afanyie kazi kichwa chake bila kupanda ngazi. Nusu ya pili ni ya mbao, mikeka ya tatami na milango ya karatasi, ikizunguka bwawa lenye mawe makubwa na maji yanayosikika kutoka kila chumba. Juu ya paa kuna bustani, ambako aliwafundisha wanafunzi wake kupanda mboga, akiamini kwamba mtu asiyejua mmea unavyoota hawezi kuchonga kitu chenye uhai.

Ila kilichonirudisha mara ya pili ni sanamu moja ya mwaka 1910, inayoitwa "Mlinzi wa Makaburi". Ni mzee aliyesimama, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo kama anayesikiliza mchezo au mazungumzo ya wengine. Aliyemtolea mfano alikuwa mtunzaji wa makaburi ya Tennoji, yale yale niliyopita asubuhi. Nilimzunguka polepole. Nguo yake ina mikunjo ya mtu anayeinama na kuinuka kutwa nzima, na miguu yake imekanyaga chini kwa uzito wa mtu asiye na haraka. Japani imeihesabu sanamu hii miongoni mwa mali zake muhimu za kiutamaduni. Katika nchi iliyojaa sanamu za watawala na mashujaa wa vita, mtu wa mtaa huu aliyepewa heshima hiyo ni yule aliyekuwa akiosha mawe na kuokota majani, na sijaona chaguo lililonigusa zaidi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi lango la hekalu la Kyoo-ji, ambalo wengi hulipita bila kusimama. Simama. Mbao za lango zina matundu ya risasi za mwaka 1868, wakati askari waliobaki watiifu kwa shoguni walipopigana na jeshi la mfalme katika kilima cha Ueno, wakashindwa siku hiyo hiyo, na baadhi yao wakakimbilia huku. Kidole changu kiliingia katika tundu moja hadi kwenye kifundo cha kwanza. Kingo zake zimelainika, bila shaka kwa vidole vya watu wengine kama mimi kwa zaidi ya miaka 150. Hekalu lingeweza kubadilisha mbao hizo zamani sana, lakini limeziacha.

Baada ya lango hilo barabara inafika kwenye ngazi pana zinazoteremka hadi mtaa wa maduka wa Yanaka Ginza. Ngazi zinaitwa Yuyake Dandan, yaani ngazi za magharibi ya jua, na aliyezipa jina hilo ni Mori Mayumi. Mwaka 1984 yeye na wanawake wenzake wa mtaani, wakiwa na watoto wadogo wa kulea, walianzisha jarida dogo la Yanaka, Nezu na Sendagi. Walienda mlango kwa mlango kuwauliza wazee nani aliishi wapi, kisima kilikuwa wapi, tofu ilitengenezwaje, vita vilipitaje katika kichochoro hiki na kile, kisha wakayaandika na kuliuza jarida lao katika maduka ya jirani. Waliendelea hadi mwaka 2009. Jina la Yanesen, ambalo leo limo katika kila ramani ya watalii, lilienea kwa sababu yao. Wakati walipoanza, bei ya ardhi ya Tokyo ilikuwa ikielekea kupaa na wenye fedha wakinunua nyumba kuukuu ili wazivunje. Mtaa ambao watu wake wanajua historia ya kila pembe yake ni mgumu kuvunjwa kuliko mtaa ambao hakuna anayeukumbuka. Ninaamini kazi ya wanawake wale iliokoa nyumba nyingi kuliko amri yoyote.

Yanaka Ginza yenyewe ni fupi, haifiki mita 200, ina maduka yapatayo 60, na kuanzia saa sita mchana hujaa watu. Sitaisimulia sana. Kuna muuza chai, muuza samaki, duka la viatu ambamo bado unapata mitalawanda ya mbao, na paka saba wa mbao waliowekwa juu ya mapaa na vibaraza, kwa kuwa mtaa huu unajulikana kwa paka wake. Nilinunua katlesi mbili za moto, za viazi na nyama ya kusaga, zinazoshabihiana na za kwetu isipokuwa hazina pilipili wala ndimu, nikala nimesimama pembeni mwa duka kama wafanyavyo wenyeji, kwa maana hapa si adabu kula huku unatembea.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma. Katika safari yangu ya kwanza, ndani ya kichochoro kimoja, niliona nyumba ya ghorofa moja yenye mlango wa mbao wa kusukuma, dirisha lenye fito za mwerezi zilizofifia rangi, na pampu ya maji ya mkono mbele yake, ya chuma, iliyopakwa rangi ya kijani, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa mahali pa kushika. Nilipiga picha ya pampu ile tu, kwa kuwa sikutaka kupiga picha dirisha la mtu. Safari ya pili nilikitafuta kichochoro hicho nikaona nimepotea, nikarudi nyuma, nikahesabu tena kona, na kumbe sikuwa nimepotea. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na lami mpya, mistari myeupe ya kuegeshea magari matatu, na mashine ya kulipia. Pampu nayo ilikuwa imeondoka.

Nilitaka kujua kwa nini mtu asijenge tena nyumba kama ile, na jibu liko katika sheria ya ujenzi ya mwaka 1950. Sheria hiyo inataka kila nyumba ipakane na barabara yenye upana usiopungua mita nne. Vichochoro vingi vya Yanaka havifiki hata nusu ya upana huo. Nyumba iliyojengwa kabla ya sheria inaruhusiwa kuendelea kusimama, lakini ikibomolewa, ile mpya ni lazima irudi nyuma hadi iwe mita mbili kutoka mstari wa katikati ya njia, na kiwanja kisichogusa barabara inayotambulika hakipewi kibali cha kujenga kabisa. Lengo ni jema: magari ya zimamoto na ya wagonjwa yapite, na tetemeko likija watu wapate pa kukimbilia. Hakuna mtu mwenye akili atakayeubeza moto katika mji wenye historia kama hii. Lakini maana yake ni kwamba kila nyumba ya zamani inayoanguka inaondoka pamoja na kipande cha kichochoro chake, na kichochoro kilichopanuliwa upande mmoja hakiwi tena kile kile. Kwa hiyo njia ya kukihifadhi ni kuzuia nyumba isifike mahali pa kubomolewa.

Baadhi ya watu wanafanya hivyo hasa. Jengo la mbao liitwalo Hagiso lilikuwa nyumba ya wapangaji iliyojengwa mwaka 1955, na baada ya tetemeko la 2011 mwenye nalo aliamua livunjwe. Vijana wa chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo waliokuwa wakiishi humo waliomba waliage kwa maonyesho, wakatoboa kuta na sakafu na kulijaza kazi zao mwaka 2012, watu wakafurika kulitazama, na mwenye jengo akabadili nia. Tangu 2013 ni mkahawa na ukumbi wa sanaa, na wenyewe wanaendesha pia nyumba ya wageni ambayo vyumba vyake viko katika jengo jingine, mgeni akitumwa kuoga kwenye hamamu ya mtaani na kula katika migahawa ya majirani, hata mtaa mzima ukawa ndiyo hoteli. Mahekalu nayo yana sehemu katika jambo hili, kwa kuwa yanamiliki ardhi nyingi ya Yanaka na kuwakodisha wakazi. Ardhi ya namna hiyo haiuzwi ovyo. Msomaji wa Unguja au Lamu atafikiria wakfu, na ingawa sheria na dini ni tofauti, atakuwa amekaribia kuelewa kwa nini mtaa umedumu.

Mchana nilishuka hadi penye duka la Isetatsu, linalouza karatasi za mapambo zilizochapwa kwa vibao vya mbao na lililoanzishwa mwaka 1864, kisha nikaingia Hebimichi, yaani njia ya nyoka. Njia hii inapinda kushoto na kulia mara nyingi bila sababu unayoweza kuiona, hadi uambiwe kwamba unatembea juu ya mto. Mto Aizome ulifukiwa na kugeuzwa mfereji wa chini karne moja iliyopita, na nyumba zilizokuwa kando yake zikabaki pale pale, zikitazamana kwa kufuata kingo zake. Mpaka kati ya wilaya za Taito na Bunkyo bado unafuata mto huo usioonekana. Nilitembea polepole katikati ya njia, nikipinda maji yalipopinda.

Kutoka Hebimichi nilipanda tena kilima hadi kwenye njia panda penye mwerezi mkubwa wa Himalaya, uliotanda juu ya duka dogo la mikate. Inasemekana mti huu ulianza maisha ndani ya chungu, na nikitazama vyungu vyote vya asubuhi ile ninaamini. Sasa shina lake halikumbatiki na mtu mmoja, na miaka kadhaa iliyopita, uliposikika mpango wa kuvijenga viwanja vilivyouzunguka, wakazi walikusanya saini kuulinda. Mbele kidogo kuna hamamu ya zamani ambayo tangu 1993 ni ukumbi wa sanaa, bado ina bomba lake la moshi na makabati ya viatu mlangoni, na pembeni mwa barabara ya Kototoi kuna Kayaba, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1938 katika nyumba ya mwaka 1916, ukafungwa 2006 na kufufuliwa 2009. Foleni yake ilikuwa ndefu, nikaenda kwenye mkahawa mwingine mdogo nyuma yake, wa meza nne.

Mwenye mkahawa, mzee aliyevaa sweta la bluu na aproni, aliniletea orodha iliyoandikwa kwa mkono. Katika mstari wa tatu nilisoma herufi kwa herufi: Ki-ri-ma-n-ja-ro. Kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina hilo, hata ile isiyotoka kwenye miteremko ya mlima wenyewe. Niliiagiza. Alisaga buni, akaweka kitambaa juu ya birika, akamimina maji kidogo kidogo kwa kuzungusha, akingoja povu lipande na kushuka kabla ya kuongeza, na kazi hiyo ilichukua dakika saba hivi bila yeye kuinua macho. Nilipomwambia kwamba ni kahawa ya kwetu aliacha kila kitu, akaja kuinama mbele yangu, akaniuliza kama nimeonja vizuri na kama imekosewa popote. Nilimwambia ukweli, kwamba sijawahi kunywa kahawa ya nyumbani iliyotunzwa namna ile.

Jua lilikuwa linashuka nilipoivuka barabara ya Kototoi na kuingia Ueno Sakuragi, kisha bustani kubwa ya Ueno, ambako umati wa watu ulikuwa umetandika mikeka chini ya sakura. Nilipita pembeni yao hadi kwenye kibanda cha kengele ya Kan'ei-ji, kilicho juu ya kichuguu kati ya miti. Kengele hii huwatangazia watu wakati mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Wajapani wa Edo waligawa mchana kuanzia mapambazuko hadi machweo, na saa ya mapambazuko na ile ya machweo waliziita kwa namba moja, kama tunavyofanya sisi tunapohesabu saa zetu kwa jua. Kengele iliyopo sasa ilisubuliwa upya mwaka 1787, na mahali iliposubuliwa ni Kannoji ya Yanaka, hekalu lile nililoanzia siku yangu.

Nilisimama chini nikisubiri. Mtu mmoja aliyevaa kawaida alipanda ngazi, akatazama saa yake ya mkononi, akashika kamba ya gogo lililoning'inia. Mwishoni mwa Machi jua la Tokyo huzama saa kumi na mbili kamili, au dakika moja au mbili tu kabla na baada yake. Alilivuta gogo nyuma, akaliachia. Mlio ulitoka mzito na wa chini, ukaelekea upande wa Yanaka, naye akangoja hadi ulipoisha kabisa masikioni ndipo akashika kamba tena.